Haba ya Kwanza

Watu wa Majengo husema mafundi wote ni waongo:
ukiambiwa Jumatano, njoo Jumatano ya mwezi ujao.
Nikajificha humo, ndani ya sifa mbaya ya wenzangu,
miaka kumi na moja, na hakuna aliyegundua
kwamba mimi sikuwa nadanganya.
Nilipotamka Jumatano niliiona kabisa:
gauni limepigwa pasi, limetundikwa, vifungo sita.
Njia ya kulifikia ndiyo sikuiona.

Nilikata mikono ya blauzi ya Mama Nhonya,
nikakumbuka uzi wa kijani, nikaufuata dukani,
nikarudi na kitasa.
Kitasa kizuri. Bado kimo kwenye kopo la vifungo.
Januari, sare za shule zimerundikana hadi usawa wa taa,
nilikesha nikipanga vifungo kwa rangi,
nikilia, kwa umakini wa ajabu.

Mume wangu alisema uvivu. Mchungaji alisema roho.
Shangazi akapanda basi toka Mpwapwa kuniletea methali:
haba na haba hujaza kibaba.
Sawa, shangazi.
Haba ya kwanza inaokotwa kwa mkono upi?

Chumba cha Bi Sechelela kiko nyuma ya zahanati, Makole,
dirisha moja, na vumbi la Agosti
lililokaa humo kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka.
Mara ya kwanza nilichelewa saa nzima.
Mara ya pili nilifika siku isiyo yangu.
Hakuguna. Akanisogezea sahani ya karanga.
Nilingoja aniulize kwa nini.
Tangu utotoni nimeulizwa kwa nini,
nimejibu hadi ulimi ukaota sugu.
Yeye aliuliza: "Umekwama wapi?"

Wapi.
Kana kwamba mimi ni gari lililonasa mchangani
njia ya Hombolo, na mtu ameinama
kutazama ni gurudumu lipi.

Akanitajia jina la hali yangu: upungufu wa umakini.
Nikamkatalia. Umakini ninao, wa kugawia mtaa mzima,
ila unatoka wote kwa pamoja,
kama mbuzi asubuhi zizi likiachwa wazi.
Alicheka mpaka akavua miwani.

Tukahesabu. Gauni moja si kazi moja.
Ni kazi thelathini na nne, na ile ya kumi na mbili,
kugeuza kitambaa upande wa pili,
ndiyo iliyokuwa ikinila.
Akanikataza kuandika "shona".
Niandike: toa mkasi. Niandike: washa taa.
Sasa ukutani nimetundika kamba ya kuanikia,
kila kibanio na karatasi yake,
na saa ya kuchemshia mayai
inalia kila robo saa kama jogoo mgonjwa.

Wateja hucheka. Mzee Chilewa aliuliza
kama nimefungua shule ya chekechea.
Na ziko wiki kamba huanguka yote
nami nikairuka siku tatu nikienda chooni.
Hilo nalo tumeliandikia karatasi:
okota moja, yoyote.

Juzi akauliza kuna nini chini kabisa ya gunia.
Nilijua. Kitenge cha mama, chenye vichala vya zabibu,
alikileta mwenyewe kwa miguu kutoka Nkuhungu
akitaka kivaliwe Pasaka.
Hakusema Pasaka ipi; ndivyo ninavyojitetea.
Alama za chaki hazijafutika:
kiuno cha mtu tuliyemzika mwaka wa nne huu.

"Hatushoni," alisema Bi Sechelela. "Hilo bado."
Akakata karatasi mbili, akanipa kalamu.

Leo kibanio cha kwanza kinasema: fungua gunia.
Nimefungua.
Cha pili kinasema: keti.

Saa ya mayai imelia.
Nimeiacha ilie.